Kisu cha oda kimekuja na kasoro, sasa nani alipie posta?

Mwezi wa 3 nilipokea boksi dogo kutoka kiwandani hapa hapa Marekani, ndani kuna kisu cha kukunja nilichomwagizia mzee wangu. Mpini wa mbao niliochagua mwenyewe, chuma cha bapa nilichochagua mwenyewe, na herufi za jina lake zimechorwa ubavuni. Dola 240 na wiki 6 za kusubiri. Nikakifungua kikalia ta, safi kabisa, roho ikatulia. Afu nikakikunja nikakichungulia kwa juu dirishani, aisee, bapa limelala upande mmoja mpaka linagusa pleti ya chuma ya ndani ya mpini, na kila ukifungua na kufunga linaikwaruza. Nikalishika kwa vidole viwili nikalitikisa, linacheza. Sio sana, lakini linacheza.

Kuna watu wataniambia kucheza kidogo hivyo ni kitu gani, kisu si kinakata? Mzee yuko Muheza na kazi yake ni kubebesha miche ya michungwa. Unachanja ganda la mche wa mlimao mkato kama herufi T, unalinyanyua taratibu kwa ncha, unachomeka jicho ulilolikata kwenye tawi la mchungwa unaoutaka, unafunga. Mkono ukiteleza kidogo tu ganda linachanika na jicho linakauka, siku nzima anafanya hivyo mche mmoja baada ya mwingine. Bapa linalocheza kwake yeye ni hasara ya kweli.

Nikawaandikia. Jibu likaja kesho yake tena kwa lugha nzuri sana, kwamba pole kaka, kisu chetu kina waranti ya maisha, tutumie tutakirekebisha bure. Bure yenyewe ni kwamba posta ya kwenda nalipa mimi, dola 14 pamoja na bima, na foleni ya wiki 5. Kiliporudi bapa limekaa katikati, kucheza kumeisha, ila skrubu ya bawaba imekazwa mpaka huwezi kukifungua kwa mkono mmoja, na kuna mkwaruzo mpya umepita juu ya herufi za mzee. Nikakirudisha mara ya pili. Kampuni siitaji jina maana shida hii sio ya kwao peke yao, na nilivyoanza kuwauliza watu wenye visu vya oda nikakuta wamegawanyika pande mbili na kila upande unaongea kwa hasira.

Wa kwanza wanasema oda ni oda, umechagua mwenyewe, ukubali, na kasoro ikiwepo waranti ipo, subiri foleni kama wenzako. Wa pili wanasema haiwezekani nilipe zaidi ya yule aliyenunua kisu cha kawaida dukani halafu niwe na haki pungufu kuliko yeye, maana yeye akikuta kasoro anarudi dukani anabadilishiwa siku hiyo hiyo.

Mi naanza na upande wa watengenezaji kwa sababu una uzito kuliko wenye hasira wanavyokubali. Kisu chenye jina la baba yangu hawawezi kumuuzia mtu mwingine. Ukirudisha kwa sababu rangi ya mpini haikukupendeza, kile ni hasara yote kwao, na hata sheria za wenzetu wa Ulaya zinazombeba mnunuzi kweli kweli zinalikubali hilo: maagizo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 yanakupa siku 14 za kubadili mawazo ukinunua kitu kwa mtandao, lakini kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vyako au kilichowekewa jina kimetolewa humo waziwazi. Hapa Marekani ndo kabisa, hakuna sheria ya serikali kuu inayomlazimisha muuzaji akurudishie hela ya oda ya mtandaoni eti kwa sababu umebadili mawazo.

Na kuna malalamiko mengi ambayo sio kasoro kabisa, tuwe wakweli. Mtu anaagiza bapa la S30V kwa sababu kasikia ni chuma cha watu wanaojua visu, na ni chuma kizuri kweli, kilitoka mwaka 2001 na kilibuniwa kwa ajili ya visu hasa. Lakini kina vanadi kama asilimia 4, na hiyo vanadi ikishikana na kaboni inatengeneza chembe ngumu kuliko hata jiwe la kawaida la kunolea. Kwa hiyo makali yanakaa muda mrefu, yakiisha mtu anachukua kinoo cha jikoni anasugua jioni nzima hakuna kitu, anaandika kisu ni kibovu. Kisu sio kibovu, anahitaji jiwe la almasi. Angechukua chuma laini kidogo kama 420HC, ile ambayo Buck, kampuni ya visu ya hapa Marekani, wanaitumia miaka mingi, angenoa kwa dakika 10 nyumbani. Wengine wanatumia ncha kama bisibisi au wanafungulia makopo ya rangi, ikikatika wanaikumbuka waranti. Na wengine wanakifungua chote mezani kukisafisha, wanapoteza washa moja, kile kipete chembamba kama karatasi kinachokaa kati ya bapa na mpini, wanakirudishia bila hiyo, halafu wanalalamika bapa linacheza.

Hapo kwenye kufungua ndo pana mzozo wa peke yake. Kampuni kadhaa zimekuwa zikisema ukikifungua kisu vipande vipande waranti imekufa, na sababu yao ndo hiyo ya washa na skrubu zilizolika vichwa. Ila kuna mwenzao alienda njia nyingine kabisa. Chris Reeve, fundi aliyeanzia Afrika Kusini akahamia Idaho mwaka 1989, kisu chake maarufu kinaitwa Sebenza, neno la Kizulu, maana yake kazi, na kimeundwa ili mwenyewe ukifungue, ukisafishe, ukirudishe, tena wanakupa na kifaa cha kufungulia. Wanaweza kusema hivyo kwa sababu vipande vinakaa pale pale kila ukikaza, yaani fundi kamaliza kazi yake kiwandani hajaibakiza kwenye kukaza na kulegeza skrubu. Ni kisu cha bei kubwa sana, sitaki kudanganya mtu kwamba kila kiwanda kinaweza, lakini kinaonyesha kwamba katazo la kufungua lina uhusiano na ubora wenyewe, sio tabia za wateja tu.

Na visu vya oda vya kiwandani vina udhaifu wao ambao vya dukani havina, huu ndo upande wa pili sasa. Kisu cha dukani ni mchanganyiko mmoja uliounganishwa mara maelfu, fundi anaujua kwa vidole, anajua washa ipi inakaa na skrubu inakazwa kiasi gani. Cha oda wewe unachagua mpini huu, bapa lile, rangi ya kufunika chuma hii, skrubu zile, na huenda mchanganyiko wako yule fundi anauunganisha kwa mara ya kwanza leo. Rangi ya kufunika bapa inaongeza unene, mdogo sana lakini upo, na ikifika pale loki, yaani kile kinachozuia bapa lisijikunje likiwa wazi, inapoumana na bapa huo mdogo unatosha kabisa kufanya loki isikae sawa. Mbao nayo inavuta unyevu, inavimba na kusinyaa. Kwa hiyo kisu cha oda kilitakiwa kikaguliwe zaidi ya cha dukani, na hapo ndo naona watengenezaji wameteleza, maana ukaguzi wenyewe ni dakika tano: fungua, tikisa, angalia bapa limekaa wapi, jaribu loki, pitisha makali kwenye karatasi. Changu kisingepita hata mtihani wa kutikisa.

Bapa kutokaa katikati kama haligusi pembeni mi siiiti kasoro, ni urembo, na kumrudishia fundi kisu kwa nusu milimita ni kumuonea. Likigusa ni kasoro. Likicheza ni kasoro. Herufi zikipinda ni kasoro maana herufi ndo ulicholipia.

Waranti ya maisha kwanza uliza ni maisha ya nani. Buck wameandika wazi kwamba waranti yao ni ya maisha ya kisu, kwa kasoro ya malighafi au ya ufundi, na kwamba kutengeneza au kubadilisha ni uamuzi wao wao. Ni waranti nzuri na watu wengi wanaisifu, lakini lile la kubadilisha kwa kisu chenye jina linauma popote utakaponunua, kwa sababu kisu kipya cha aina ile ile bila kazi uliyoilipia sio badala ya kile. Wengine wanahesabu maisha ya mnunuzi wa kwanza tu. Na kwa fundi mmoja anayefanyia kazi gereji kwake, maisha yenyewe ni ya kwake, akistaafu au akifa ahadi imeishia hapo, na simlaumu, ila mnunuzi aijue kabla ya kuweka amana.

Neno lingine ni lile la waranti yenye mipaka. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, inataka waranti ya maandishi ya bidhaa kama hizi ijitaje kama ni kamili au ina mipaka. Kamili inamfuata yeyote anayemiliki kitu muda waranti ikiwa hai, na huduma inakuwa bure, na wakishindwa kutengeneza baada ya kujaribu mara za kutosha uchaguzi ni wako, kitu kipya au hela. Yenye mipaka haina lazima hiyo. Nenda kasome waranti ya kisu chako, uangalie ni ipi.

Uingereza sheria yao ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kukikataa kitu chenye kasoro arudishiwe hela, na gharama ya kukirudisha ni ya muuzaji, kiwe kimechorwa jina kisiwe kimechorwa. Mi nadhani hapo ndo pa kusimamia. Kubadili mawazo usirudishe, sawa kabisa, lakini kasoro iliyokuja na kisu ndani ya boksi, ikionekana ndani ya mwezi mmoja tangu ukipokee, posta ya kwenda na kurudi iwe ya aliyekitengeneza na kisu kiruke foleni. Nimeambiwa bei itapanda na fundi mdogo ataumia, na ni kweli itapanda, posta mara mbili sio hela ndogo kwa mtu anayetengeneza visu vichache kwa mwezi. Ila sasa hivi gharama ile ile ipo, imebebwa na aliyepata bahati mbaya peke yake. Ningelipa dola 15 zaidi mwanzoni bila kuuliza. Na nina hakika kiwanda kikianza kulipia posta ya kasoro zake, zile dakika tano za kutikisa zitapatikana.

Kisu kimerudi mara ya pili mwezi wa 6. Kinafunguka vizuri, hakichezi, mkwaruzo juu ya herufi bado upo ila wameupunguza. Nimenunua na jiwe dogo la almasi, vyote vitaingia kwenye begi la chini la ndege mwezi wa 12 nikienda kwa mzee. Nikawaandikia tena kuuliza kama waranti itamhusu mzee kikiwa mikononi mwake, wakajibu ni ya mnunuzi wa kwanza mwenye risiti. Kwa hiyo kisu kitakuwa Muheza kinabebesha michungwa, na risiti itabaki kabatini kwangu Columbus, kikiharibika anipe mimi nikitume.