Kero za Muungano, kutoka Malta hadi kwa kondoo wa Waingereza

Ndoa yangu ni ya serikali mbili. Mke wangu ni mtoto wa Mombasa, na Kenya tangu katiba ya 2010 inamruhusu mtu kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo ana pasi ya kwao na ana pasi ya Mwingereza, anaamka asubuhi anachagua ya kusafiria. Mimi ni mtu wa Tanga. Sisi ukishachukua uraia wa wenzako, wa kwetu unakwisha hapo hapo, basi nimebaki na pasi yangu moja, na kila msimu wa joto ukiingia hapa Leicester, Uingereza, kero za Muungano zinaanza upya.

Yeye akitaka kwenda Malta, ile nchi ya visiwa kule Mediterania, anakata tiketi, basi. Mimi, mume wake wa ndoa na mashahidi, natakiwa kuomba viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya. Miadi yenyewe haipatikani mpaka uvizie usiku wa manane. Ukiipata unalipa euro 90, ambazo mpaka Juni 2024 zilikuwa 80. Nadhani walisikia nimeanza kuweka akiba. Halafu karatasi: za benki, za hoteli, barua ya mwajiri, tiketi ya kurudi, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Nikamwambia bi mkubwa, mimi maishani mwangu sijawahi kuwa na thamani hiyo, hata siku ya posa. Akasema, "Ya posa nayajua mimi." Nikarudi kwenye fomu.

Kilichoniuma zaidi ni kuthibitisha kwamba nitaondoka. Mtu wa Tanga, niliyezaliwa bahari iko mlangoni, naapishwa kwamba sitabaki ufukweni kwa watu.

Malta yenyewe, pamoja na visiwa wenzake, ina kilomita za mraba 316. Pemba inaimeza mara mbili na nafasi inabaki. Lakini watu wote wa Ulaya wanataka kusimama humo humo, mwezi wa Agosti, jua la kupasua mawe. Unasimama kituoni, basi linakuja, dereva anakuonyesha kiganja: limejaa. Nikachungulia. Watu wamesimama wamenyooka, kila mmoja na kwapa lake. Limejaa nini hapo? Kwetu basi limejaa pale konda mwenyewe anaponing'inia nje. Nikataka kumweleza dereva, lakini alishafika mbali, na bi mkubwa alikuwa anapiga picha kituo.

Kulala nako ni mtihani. Wakati wa kiangazi kila kijiji cha Malta kina sherehe ya mtakatifu wake, na sherehe haijakamilika bila fataki. Fataki ninazozijua mimi zinapigwa usiku ili watu waone rangi. Wenzetu wanazilipua hata asubuhi, mchana kweupe, huoni kitu, ni mshindo tu. Siku ya kwanza niliruka kitandani nikaenda chini ya meza. Bi mkubwa akasema naleta aibu. Nikamjibu kisiwa hiki kilipigwa mabomu na Wajerumani na Waitaliano vita vya pili, na kule Mosta mwaka 1942 bomu lilitoboa kuba la kanisa likaanguka ndani, watu wamejaa, na halikulipuka. Sasa wao wana mtakatifu wao wa kuwakinga. Mimi hapa hotelini nina nani zaidi ya meza?

Kitu kimoja nilikipenda sana. Makanisa kadhaa huko yana saa mbili ukutani, kila moja inasema lake. Wenyeji wanaeleza kwamba moja ni ya kweli na nyingine ni ya kumbabaisha shetani asijue ibada inaanza lini. Mimi nilipoona tu nilidhani hatimaye tumepata nchi inayotujali: moja ya Kizungu, moja ya Kiswahili.

Tukaenda Gozo, kisiwa cha pili cha Malta, kwa kivuko. Hapa nisikilizeni vizuri. Unafika Ċirkewwa, unapanda, unakaa juu, upepo unapiga, dakika 25 uko ng'ambo, na hakuna aliyekuomba hata senti. Nikaanza kuipenda serikali ya watu. Bi mkubwa hakushtuka, maana kwao Likoni mwenda kwa miguu anavuka bure tangu hapo. Tukazunguka, tukarudi jioni bandarini Mġarr, na hapo ndipo nikaona foleni ya tiketi. Kumbe nauli ni ya kwenda na kurudi, ila wanakutoza ukiwa upande ule. Hawa watu wana akili. Utafanya nini, utaogelea?

Na huko Gozo tulikwenda kuangalia nini? Dirisha. Lilikuwepo tao kubwa la mwamba, limesimama baharini pale Dwejra, watu wakiliita Dirisha la Bluu, likatiwa kwenye kila kadi ya posta. Tarehe 8 Machi 2017 dhoruba ikaliangusha lote. Halipo. Lakini mabasi ya watalii yanakwenda bado! Dereva wetu akasimama, akanyoosha kidole kwenye hewa, akasema lilikuwa pale, watu wote tukatazama pale kwa heshima. Bi mkubwa akanisimamisha. "Hebu nyoosha mkono na wewe. Juu kidogo. Sogea kushoto, wafunika dirisha." Nimepigwa picha nikiwa sifuniki kitu chochote.

Comino, kile kisiwa kidogo kati ya Malta na Gozo, sitaki kuizungumzia sana. Maji mazuri, siwezi kusema uongo, ile rangi hata Tanga hatuna. Tatizo ni kuyaona, kwa wingi wa miguu. Bi mkubwa akaingia na dera lake, raha mustarehe, kama Idi Mosi pale ufukwe wa Pirates, Mombasa. Mimi nikatafuta kivuli nikakosa, nikatafuta kitu baridi. Walikuwa wanauza kinywaji ndani ya nanasi lililokombwa. Nikaomba nipewe nanasi tupu, bila pombe. Yule kijana akaniambia bei. Nikamtazama. Kwa hela ile, pale barabarani karibu na Kiwangwa, unajaziwa buti, na mama muuzaji anakumenyea moja ule wakati unangoja chenji. Nililinunua, kwa kuwa kiu haina hoja, na nikalila mpaka ganda likaanza kunila mimi.

Chakula sina ugomvi nacho. Kuna kitu kinaitwa pastizzi, unga wa tabaka tabaka, ndani jibini au njegere, kinauzwa vibandani bei ya kutupa, na ukikila cha moto unga unakumwagikia mpaka kwenye soksi. Bi mkubwa kwanza akamhoji muuzaji mafuta yake ni ya nini, mahojiano marefu kushinda yangu ya viza. Kisha tukaona mchuzi wa sungura, ndicho chakula cha taifa. Sungura yule yule! Aliyemdanganya fisi, akamchezea simba, akamtania tembo, hadithi zote za bibi yangu hakuna aliyempata. Wamalta wamempata. Wamemtia na vitunguu saumu.

Bi mkubwa picha alizojaza kwenye simu sina hesabu nazo. Vichochoro vya Mdina, nyumba za mawe ya manjano, milango ya mbao, na kule Marsaxlokk mashua za wavuvi zilizochorwa macho mawili pale mbele. Kila picha mimi nimo, nimebeba mkoba wa kike.

Nikadhani tumemaliza. Tukarudi Leicester, nikavua viatu, nikasikia sauti jikoni: "Baba watoto, Uingereza yenyewe tumeiona lini?" Nikasema naiona kila siku saa kumi na moja alfajiri nikienda kazini. Hakuniita kujibu, aliniita kubeba.

Safari ya Cotswolds, vile vilima vya Uingereza vyenye vijiji vya kale, ilianza vizuri kwa sababu ya Warumi. Wao waliinyoosha ile barabara ya Fosse Way kutoka Lincoln, ikapita hapa kwetu Leicester, ikaenda mpaka Exeter, na sehemu kubwa imenyooka hadi leo. Warumi hawana lawama. Lawama inaanza ukitoka kwenye barabara yao. Unaingia kijinjia cha gari moja, ua wa miti umesimama pande zote mbili juu ya kichwa chako, huoni mbele, na mbele anakuja mzee na trekta. Mmoja arudi nyuma. Sijawahi kuona trekta likirudi nyuma. Nimejua kuendesha kinyumenyume kuliko kwenda mbele, na kila niliyempisha alinyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, cha shukrani, nilihakikisha.

Tukafika. Mawe ya manjano! Nikasimamisha gari. Nikamwambia mama watoto, haya si ndiyo tuliyoyaacha Malta? Nimelipa viza kwenda kuyaona na yapo hapa kwenye Fosse Way? Akasema yale ni ya Malta, haya ni ya Cotswolds. Wanasema utajiri wa vijiji hivi ulitokana na manyoya ya kondoo, enzi za kale wafanyabiashara wakauza sufu hadi Italia, wakajenga makanisa makubwa kuliko vijiji. Pale Bibury kuna mstari wa vibanda vya karne ya kumi na nne vilivyokuwa ghala la sufu kabla hawajaishi wafumaji. Kondoo sasa wanakula tu. Anayenyolewa ni mgeni.

Mfano ni Bourton-on-the-Water. Mto unapita katikati, vidaraja vifupi, bata, unatembea bure. Lakini nyuma ya hoteli moja kuna kijiji hicho hicho kimejengwa kidogo, moja ya tisa ya ukubwa wake, kimefunguliwa mwaka 1937, na hicho ni kwa kiingilio. Yaani nimetoka nje nauona mji mzima bure, naingia ndani nauona ule ule, unanifika kiunoni, kwa hela. Na ndani ya kile kidogo wamejenga na kingine kidogo zaidi, maana mwenye akili alisema kama kijiji kina kijiji, lazima na chenyewe kiwe nacho. Nikaondoka haraka kabla hawajanitoza cha tatu.

Kisha kutembea mashambani. Uingereza ina njia za miguu za umma zinazokatiza hata katikati ya shamba la mtu, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuzifunga. Unafuata mshale wa manjano. Haki nzuri sana, ila ng'ombe hawajaisoma. Wakaja wote, taratibu, wakatuzunguka, wananusa mkoba. Bi mkubwa alishapanda vile vipandio vya mbao vya kuvukia ua, dera mkononi, yuko upande wa pili anarekodi. Akapita bibi mmoja wa Kizungu na mbwa wake, mvua inanyesha, akatuambia siku nzuri. Tulipofika kwenye baa ya kijiji tule samaki na chipsi, ilikuwa saa nane na nusu mchana na jiko limefungwa. Saa nane na nusu! Kwetu huo ndio wali unaepuliwa.

Tulilala wapi? Kwenye kibanda cha mchungaji. Sifumbi, ni kibanda cha bati chenye magurudumu ya chuma, alichokuwa analala mchungaji zamani wakati kondoo wanazaa. Sasa wanakikodisha kwa bei ambayo ningepewa kondoo na mchungaji mwenyewe. Choo nje, maji ya ndoo, kuni unapasua. Babangu aliuza mbuzi ili nisome, nisije nikaishi hivyo.

Bi mkubwa akatuma picha zote kwa mama mkwe, za Malta na za huku. Ujumbe wa sauti ukarudi usiku huo huo. Za Malta alizipenda, akauliza mbona tumekwenda Lamu bila kupita nyumbani. Za kibanda hakuzipenda. Aliziangalia mara mbili: binti yake ndani ya bati, mvua, choo cha nje, mkwe ameshika shoka. Akauliza kwa upole kama nimeachishwa kazi. Kabla hatujajibu alishafungua kundi la WhatsApp la ukoo, harambee imeanza, mjomba wa Kilindini ameahidi, shangazi wa Muscat ameahidi.

Mama watoto ameniambia niandike haraka kwenye kundi niwaeleze wote kwamba ile ilikuwa likizo. Nimeshaandika. Nimewasalimia mmoja mmoja, nikaweka namba ya akaunti.