QEMU, programu inayoendesha mashine pepe (kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta halisi), ijibu nini ikiulizwa habari za prosesa?

Agosti 2014 Intel ilitangaza kwamba maelekezo ya TSX (ya kuharakisha programu zenye nyuzi nyingi) ndani ya prosesa za Haswell yana hitilafu, ikayazima kwa sasisho la mikrokodi, yaani programu ya ndani ya prosesa yenyewe. Jina likabaki Haswell, ila uwezo wa hle na rtm, sehemu mbili za TSX, ukawa umeondoka. Mashine pepe iliyosajiliwa kwa modeli hiyo, yaani inayoonyeshwa prosesa ya jina hilo, ikajikuta inadai kitu ambacho seva yake haina tena. QEMU ikaongeza Haswell-noTSX, na baada ya Spectre, udhaifu wa kiusalama wa prosesa uliotangazwa Januari 2018, zikaja Haswell-IBRS na Haswell-noTSX-IBRS zenye kinga dhidi yake. Anayetaka kuhamisha mashine pepe kutoka seva moja hadi nyingine bila kuizima hawezi kutegemea jina tu. Sharti aiulize QEMU.

Mwishoni mwa 2016, toleo la 2.8 la QEMU lilileta amri tatu, kwanza kwa mashine za IBM za s390x. query-cpu-model-expansion hufumua modeli na kuonyesha yaliyomo. query-cpu-model-comparison hulinganisha modeli mbili, na query-cpu-model-baseline hutafuta modeli ambayo pande zote mbili zinaimudu. Ya kwanza inatoa taarifa. Mbili zilizobaki zinatoa hukumu, na ubishi uko hapo.

Wanaotaka hukumu wana hoja nzito. Kwa miaka mingi libvirt, programu inayosimamia QEMU, ilitunza orodha yake ya modeli katika XML, kando na ile ya QEMU. Modeli mpya iliandikwa mara mbili, na orodha mbili za kitu kimoja hazikosi kupishana. Kwa nini asijibu anayeendesha mashine yenyewe? Tena comparison haiishii kusema identical, superset, subset au incompatible. Hutaja na sifa zilizosababisha tofauti.

Lakini hukumu hiyo ni ya wapi na ya lini? Nyaraka za QEMU zenyewe zinaonya kuwa jibu huweza kubadilika kulingana na toleo, aina ya mashine, kiongeza kasi (kama KVM ya Linux) na vigezo vilivyowekwa. Libvirt nayo, inapopeleleza, huwasha QEMU kwa -machine none, yaani bila mashine yoyote, ilhali mteja, yaani mashine pepe, ataendeshwa kwenye q35 (aina mojawapo ya mashine za kuigizwa) ya toleo fulani. Aliyejibu si yule atakayefanya kazi.

Ndiyo maana sishangai kwamba comparison na baseline hazikuvuka kwenda x86, familia ya prosesa za kompyuta nyingi za kawaida. IBM inatengeneza chuma na ndiyo inayopanga vizazi vyake, z13 kisha z14, kwa hiyo kulinganisha kuna maana. Kwenye x86 kuna Intel na AMD, mikrokodi inayoondoa uwezo katikati ya safari, na KVM inayochuja kile mteja anachoruhusiwa kuona.

Ufumuaji wa aina ya static ndio niupendao zaidi: unarudisha msingi usiobadilika, kama z14-base, pamoja na nyongeza na pungufu zake, na maana yake ni ile ile popote. Gharama yake ni ahadi ya kutougusa msingi huo kamwe. x86 haikuwa na ahadi ya namna hiyo. Msingi wake, base, ni mtupu, na jibu linakuwa orodha ndefu kweli kweli. Tangu toleo la 4.1 la mwaka 2019 ilichagua kuhesabu matoleo ya modeli: Cascadelake-Server-v3 ndiyo isiyo na TSX.

Kwa kazi za kila siku, hata hivyo, kinachosaidia kuliko vyote ni kijisehemu kimoja ndani ya query-cpu-definitions: unavailable-features. Uliza kuhusu Haswell kwenye seva iliyozimwa TSX, utaona hle na rtm zimetajwa hapo. Orodha ikiwa tupu, modeli inaendeshwa. Haihukumu, haimwagi kila kitu. Inataja kinachokosekana tu. Upungufu wake ni kwamba inaisemea seva moja. Mwenye seva 40 za umri tofauti bado itambidi akusanye majibu 40 na kuyapatanisha mwenyewe, na kazi hiyo naona ni halali yake, kwa sababu QEMU iliyo kwenye seva moja haizijui zile nyingine 39.