Difu ya kuchomelea kwenye gari ya lami: ni ukichaa kweli?

Juzi gereji nimekuta ubishi umepamba moto. Kijana kaja na Suzuki Samurai, anataka achomelewe difu ya nyuma, yaani zile gia za katikati ya ekseli zinazoyaacha matairi ya kushoto na kulia yazunguke kwa kasi tofauti, zishikanishwe kwa weldi yazunguke pamoja muda wote, ili asikwame tena masika, na wazee wawili waliokuwa wanasubiri gari zao wakamkalia kooni: we unatafuta kifo, difu ya kuchomelea ni ya gari ya kuchezea matope, siyo ya kupeleka watoto shule kwenye lami. Fundi naye anasema mbona kachomelea nyingi tu na wenyewe wanatembea. Kijana akaondoka bila kuchomelea na bila kuelewa, maana wazee walimtisha, fundi akambembeleza, na hakuna aliyemweleza tairi linafanya nini gari ikifika kwenye kona. Mimi nimeendesha Samurai yenye difu ya hivyo kwa miaka mitatu, Mombo, Soni, Lushoto mpaka Mtae, huku milima ya Usambara, kwa hiyo ngoja niseme ninachokijua.

Kwanza tumtendee haki huyu anayefunga difu kwa kuchomelea. Watu wanamchukulia kama mpenda sifa anayeharibu gari nzima, wakati mara nyingi ni mtu ana magunia ya karoti shambani au mgonjwa nyumbani na njia imegeuka uji. Samurai ni gari jepesi, kilo 950 hivi, injini ya lita 1.3, ina fo-wili ya kweli na gia nzito, lakini difu zote mbili ni za kawaida. Panda nayo ile njia ya udongo mwekundu kwenda Mtae mwezi wa nne uone. Tairi la nyuma kushoto likizama mtaroni na la mbele kulia likanyanyuka kidogo, basi tena, hayo mawili yanazunguka na kurusha tope mpaka kwenye majani ya migomba, na yale mawili yaliyokanyaga pagumu yametulia kimya kama gari imezimwa. Umenunua gari ya tairi nne zinazovuta, na huvutwi hata kidogo. Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa sawa, na anayepanga mgawo ni lile tairi linaloteleza, likihitaji nguvu kiduchu kuzunguka basi na mwenzake anapewa kiduchu hichohicho, hapo hata uweke injini ya lori haitoki.

Upo ujanja wa kukanyaga breki kidogo huku unakanyaga mafuta, lile tairi linalozunguka hovyo likabanwa na nguvu ikahamia upande wa pili, na mara mojamoja unakutoa, ila kwa breki za gari kuukuu zilizojaa tope usitegemee sana. Jimny iliyotoka 2018 inafanya hivyo yenyewe kwa kompyuta. Landcruiser za 70 zenye loki ya difu ya kiwandani unazungusha swichi, inafunga ya nyuma kwanza afu ya mbele, ukifika lami unafungua na maisha yanaendelea. Loka ya upepo ya ARB, kifaa kinachofunga difu kwa hewa, nayo inafunguka kwa kitufe, ila ekseli moja pamoja na kompresa yake inavuka dola 1,000, na kwa mtu aliyenunua Samurai kuukuu ili afike kwake hiyo ni hela ya kubadilisha injini. Kuchomelea kunamgharimu vijiti vichache na siku moja ya fundi. Ukimwambia mtu huyo anunue loka ya upepo ni kama umemwambia aendelee kukwama.

Afu kuna jambo wazee hawakuligusa kabisa. Hafu shafti ya nyuma, kile chuma kinachotoka kwenye difu kuzungusha tairi moja, ikikatika kwenye difu ya kawaida, ekseli yote ya nyuma imekufa, nguvu yote inakimbilia kwenye kile kipande kilichokatika. Kwenye difu iliyochomelewa tairi la pili linaendelea kuvuta. Mimi iliwahi kunikatikia usiku, kipande kikakatikia ndani karibu na difu, tairi likabaki mahali pake, nikarudi taratibu na tairi moja la nyuma mpaka kwenye taa za watu. Ingekatikia nje karibu na flenji, pale tairi linapofungwa, ingekuwa hadithi nyingine, kwa sababu kwenye Samurai hiyo shafti ndiyo inayoshika tairi, ikikatika huko tairi linachomoka na kwenda zake.

Haya, hoja ya matairi, ambayo ndiyo inarudiwa kuliko zote. Kutoka tairi la kushoto mpaka la kulia kwenye Samurai ni kama mita 1.3. Ukikata kona ya robo duara, ile ya kutoka njia kuu kuingia mtaani, tairi la nje linatembea mita 2 zaidi ya la ndani. Na haijalishi kona ni fupi au ndefu! Zunguka mti au zunguka uwanja mzima wa mpira, ilimradi umegeuka digrii 90 tofauti ni ileile mita 2. Mimi sikuamini mpaka nikakaa chini na kalamu, kipenyo cha kona kinajifuta chenyewe kwenye hesabu, kinachobaki ni upana wa gari. Sasa tairi la Samurai likizunguka mara moja linatembea kama mita 2.1. Maana yake kila kona ya robo, difu ya kawaida inaliruhusu tairi la nje kuzunguka karibu raundi nzima zaidi ya mwenzake, na difu iliyochomelewa inakataa, kwa hiyo raundi hiyo lazima ilipwe kwa kuburuza mpira kwenye lami, nusu huku na nusu kule au yote upande mmoja. Kipilefti ukikizunguka chote ni mita 8.

Mita 2 ni nyingi au ni chache? Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 hivi za milima. Tuseme zina kona 100 za robo duara, ni mita 200 za kuburuza ndani ya mita 33,000, hata asilimia moja haifiki. Hiyo siyo tairi la kuisha mwezi mmoja kama watu wanavyotishana. Ni kweli mita moja ya kuburuza inakula mpira kuliko mita nyingi za kutembea, na yangu ya nyuma yalichongeka kingo mapema kuliko ya mbele, hilo sitalificha. Ila kwenye vumbi na changarawe mawe madogo yanateleza chini ya tairi na mpira hausikii kitu, na mtu anayefunga difu muda mwingi yuko huko.

Ukitaka kuisikia hiyo mita 2 kwa masikio, ingia sheli yenye sakafu ya zege, kata usukani mpaka mwisho na uachie klachi polepole. Gari inarukaruka nyuma kama inakanyaga vijiti, tairi linalia kwi, kwi, kwi, na ukishuka unakuta michirizi miwili myeusi ya duara kwenye zege. Ukiachia usukani gari inataka kunyooka yenyewe.

Na hapo ndipo ninapohama kidogo kuelekea upande wa wazee, kwa sababu hiyo mita 2 ikibanwa kwenye kona fupi inakuwa kitu kingine kabisa. Kona pana yenye nusu kipenyo cha mita 100 ina urefu wa mita 157, mita 2 humo ndani ni asilimia 1.3, tairi linajikunja kidogo tu na kumeza. Kona ya mita 10, zile za kupinda mpaka unaona namba ya gari lako mwenyewe kwa mawazo, ina urefu wa mita 16 hivi, na mita 2 humo ni asilimia 13. Tairi likishateleza asilimia 10 mpaka 15 limefika mwisho wa mshiko wake. Hata matairi mawili yakigawana hiyo, yanaingia kwenye kona yameshatumia sehemu kubwa ya mshiko kushindana yenyewe kwa yenyewe, na kinachobaki cha kuishikilia gari isiende pembeni ni kidogo. Lami kavu hutajua. Lami yenye mvua utajua.

Mimi nilijua pale Soni, nashuka, mvua ya jioni imelowesha lami, gia ya pili, sikuwa na mwendo. Katikati ya kona nikaachia mafuta tu, sikugusa breki. Injini ikabana, na kwa kuwa difu imefungwa ikayabana matairi yote mawili ya nyuma kwa pamoja, nyuma ikahama kama mtu kaisukuma kwa bega. Difu ya kawaida ingeteleza tairi moja na la pili likabaki linashikilia. Na Samurai ni fupi, kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni mita 2 na sentimita 3, ikianza kugeuka haikupi muda wa kufikiri. Nilirudisha usukani, ikakaa, nikasimama pembeni mikono inatetemeka. Abiria wangu alikuwa mama yangu. Kuanzia siku ile simwambii mtu difu ya nyuma ya kuchomelea haina shida, hata akiwa na haraka ya kiasi gani ya kufika shamba.

Kuna na kazi yenyewe ya kuchomelea, na hii inanitia wasiwasi kuliko matairi. Gia ndogo za ndani ni chuma kigumu kilichopikwa, na zimeloa oili miaka 30. Fundi akipiga juu juu na vijiti vya kuchomelea vya 6013 bila kusafisha oili na bila kupasha moto kwanza, weldi inashika kwa macho tu, ikipoa inapata nyufa. Siku kipande kikiachia kikadondoka kati ya kraunwili na pinioni, zile gia kuu mbili za difu, matairi ya nyuma yanaganda gari ikiwa kwenye mwendo. Kazi nzuri ni kufungua difu yote, kuosha, kupasha, kutumia 7018 kavu, na kuiacha ipoe taratibu ndani ya mchanga. Nenda na vijiti vyako mwenyewe na ukae pale mpaka imalizike.

Lakini ubishi wote wa gereji ulikuwa juu ya difu ya nyuma, kama vile gari ina difu moja. Samurai ina habu za mbele za kuzungusha kwa mkono, zinazounganisha tairi na shafti yake au kuliachia. Ukichomelea difu ya mbele na kuiacha ya nyuma nzima, kwenye lami habu ziko wazi, shafti za mbele zimelala, gari haijui kama kuna kitu kimefungwa. Kwenye tope unashuka, unafunga habu, unaweka fo-wili, una tairi tatu za uhakika. Gharama zake zipo: usukani unakuwa mzito na gari inataka kwenda mbele tu, na ukikanyaga mafuta mengi huku umekata usukani wote, joint za mbele, vile viungo vya shafti karibu na tairi, zinapasuka. Na kilima kikali uzito unahamia nyuma, kwa hiyo ya mbele haivuti kama ya nyuma ingevuta. Mi nimekubali hasara hiyo. Baada ya Soni niliirudishia nyuma difu ya kawaida na nikachomelea ya mbele, na sasa nakwama zaidi kuliko nilipokuwa nimefunga ya nyuma, ila kwa kidogo tu. Cha kukumbuka ni kimoja, kurudisha kwenye tu-wili peke yake hakutoshi, habu zikiwa zimefungwa matairi ya mbele bado yameunganishwa. Lazima ushuke ufungue, na hata ukifungua habu moja inatosha.

Nimemwachia fundi ujumbe ampe yule kijana, aje Jumamosi na gari yake tukutane sheli asubuhi kabla hakujajaa. Atakata kona kwenye zege na Samurai yangu nikiwa nimefunga habu zote mbili, asikie inavyolia, afu nitashuka nifungue moja, akate tena.