Cheti cha Chanjo na Haki ya Mtu Asiyeweza Kuchanjwa

Mpango wowote wa vyeti vya chanjo hutenganisha waliochanjwa na wasiochanjwa, ilhali hao wasiochanjwa si kundi moja. Yuko aliyekataa kwa hiari yake, yuko ambaye chanjo haijamfikia, na yuko ambaye daktari amemzuia kwa sababu ya afya yake. Naamini kuwa msamaha wa kitabibu, yaani idhini ya kutochanjwa kwa sababu za afya, una maana pale tu unapopokelewa mlangoni sawasawa na cheti chenyewe, na kwamba mzigo wa kuuthibitisha ni wa mamlaka iliyoweka sharti kuliko wa mgonjwa.

Mfano wenye historia ndefu ni cheti cha homa ya manjano. Chanjo yake hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, hivyo haifai kwa mwenye upungufu mkubwa wa kinga, mwenye mzio mkali wa mayai, wala mtoto wa chini ya miezi sita. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinamtaka daktari aandike sababu za kutomchanja msafiri wa namna hiyo, na mamlaka za nchi anayofikia zizingatie maelezo hayo. Hata hivyo, hazimlazimishi afisa wa mpakani kumpitisha, na kwa hiyo msafiri mwenye barua halali husafiri bila uhakika wa kupokelewa.

Wakati wa UVIKO-19 pengo hilo lilionekana upya. Cheti cha kidijitali cha Umoja wa Ulaya, kilichoanza kutumika tarehe 1 Julai 2021, kilibeba taarifa za aina tatu: chanjo, majibu hasi ya kipimo, na kupona ugonjwa. Utangulizi wa sheria iliyokianzisha ulisisitiza kwamba asiyechanjwa kwa sababu za kitabibu asibaguliwe, lakini haikuwekwa aina ya nne kwa ajili yake. Aliyeugua hapo awali alikuwa na cheti cha kupona; asiyewahi kuugua alibaki kupimwa tena na tena, kwa majibu yanayopitwa na wakati baada ya siku chache. Uingereza, kwa wakazi wa England, ilichagua njia ninayoiona bora: aliyekubaliwa msamaha alipewa pasi ya ndani ya nchi iliyofanana na ya aliyechanjwa, na mkaguzi hakuwa na namna ya kujua kwamba mbele yake yuko mgonjwa. Mlinzi wa mlangoni hana haki ya kujua maradhi ya mtu, wala hana ujuzi wa kuyapima.

Upande wa pili una hoja nzito, na haifai kuipuuza. Kirusi hakiulizi sababu: asiyechanjwa kwa amri ya daktari anaweza kuambukiza na kuambukizwa kama yule aliyekataa. Ikiwa cheti kipo ili kupunguza maambukizi, kwa nini apite? Jibu langu ni kwamba wanaostahili msamaha huu ni wachache mno, na miongoni mwa sababu za kuwachanja wengi ni kuwakinga hao wachache. Kuwafungia nje ni kuwaadhibu watu ambao mpango ulipaswa kuwalinda. Panapokuwa na hatari kubwa, kama katika wodi ya wagonjwa mahututi, kipimo cha ziada ni halali, mradi kisilipiwe na mgonjwa.

Hofu ya udanganyifu nayo ina ushahidi. Jimbo la California, Marekani, lilifuta msamaha wa kutochanjwa kwa imani binafsi kwa wanafunzi kupitia sheria ya mwaka 2015, na baada ya hapo misamaha ya kitabibu ikaongezeka, kiasi kwamba mwaka 2019 jimbo lilipitisha sheria nyingine inayowachunguza madaktari wanaotoa misamaha mitano au zaidi kwa mwaka. Uchunguzi huo unaelekezwa kwa anayetia sahihi, na hapo ndipo unapofaa kuelekezwa. Kila kashfa ya barua za uongo huishia kumuumiza mwenye barua ya kweli, kwa hiyo mgonjwa ana masilahi makubwa katika udhibiti mkali.

Orodha ya sababu zinazokubalika inapaswa pia kufuata chanjo moja moja. Mwenye mzio wa polietilini glaikoli, kemikali iliyomo katika chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna, huenda akafaa kuchanjwa kwa chanjo ya aina nyingine, ikiwa ipo. Palipo na aina moja tu, mzio huohuo unamfungia njia yote. Ndiyo maana siwezi kutenganisha msamaha na upatikanaji. Februari 2021 Shirika la Afya Duniani lilipinga kudai cheti cha UVIKO-19 kwa wasafiri wa kimataifa, likitaja uhaba wa dozi. Miezi michache baadaye Umoja wa Afrika ulilalamika kwamba Covishield, chanjo ya AstraZeneca iliyotengenezwa India na kugawiwa Afrika kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, haikuwa miongoni mwa zile ambazo nchi zote za Umoja wa Ulaya zilitakiwa kuzitambua. Watu walichanjwa kwa dozi walizopewa, kisha wakahesabiwa kana kwamba hawakuchanjwa.

Na yuko anayesahaulika zaidi: mgonjwa asiye na daktari bingwa wa kumwandikia. Mzio mkali huhitaji vipimo na miadi, na miadi huchukua muda. Serikali inayoweka sharti la cheti inapaswa kugharimia uchunguzi huo, kutoa cheti cha muda kwa anayeusubiri, na kukubali karatasi iliyochapishwa kwa asiye na simu janja.