Zana za bure za mtandaoni kwa mfanyabiashara mdogo: faida zipo, lakini ufunguo anao nani?

Wafanyabiashara wadogo wa Tanzania na Kenya hupewa ushauri wa aina mbili unaopingana. Wapo wanaowaambia kwamba simu janja na bando la wiki vinatosha kuendesha duka zima, kwa kuwa karibu kila zana inayohitajika, kuanzia ya kutangaza bidhaa hadi ya kutunza hesabu, inapatikana mtandaoni bila malipo. Wapo pia wanaowaonya kwamba anayetegemea zana hizo amejenga kwenye kiwanja cha mtu mwingine, na siku mwenye kiwanja akibadili nia hatakuwa na pa kushitaki. Kila upande umeshika sehemu ya ukweli, ila naona mabishano ya bure na kulipia yanaficha jambo zito zaidi, nalo ni hili: zana inapokoma kufanya kazi, nani anabaki na orodha ya wateja, hesabu na nywila za biashara?

Nianze na faida, maana si ndogo, na wanaozibeza mara nyingi hawajawahi kuuza kitu. WhatsApp Business, iliyotolewa Januari 2018, inampa muuzaji katalogi ya bidhaa zenye picha na bei, majibu yaliyoandaliwa mapema kwa maswali yanayojirudia, ujumbe wa salamu unaojituma wenyewe, na lebo za kutofautisha mteja aliyelipa na yule ambaye bado. Kwa fundi cherehani anayepokea oda akiwa ameinamia mashine, lebo hizo pekee zinaweza kuzuia gauni la harusi lisichanganywe na sare ya shule. Canva, programu ya kubuni matangazo, imemwezesha muuzaji wa keki kutengeneza tangazo zuri bila kumlipa mchoraji kila wiki, ingawa matangazo yaliyotoka kwenye violezo vilevile yameanza kufanana mno. Kwa upande wa malipo, Lipa Namba nchini Tanzania na Till nchini Kenya, yaani namba za biashara za kupokea malipo ya simu, zimempunguzia muuzaji adha ya chenji na hatari ya kulala na fedha taslimu dukani.

Zana ninayoona inatumiwa kidogo kuliko inavyostahili ni wasifu wa biashara kwenye Google, ule unaolifanya duka lionekane kwenye ramani pamoja na saa za kufungua, namba ya simu, picha na maoni ya wateja. Ni bure, na uthibitisho wake siku hizi mara nyingi hufanywa kwa video inayoonyesha mahali pa biashara. Tofauti yake na Instagram au TikTok ni kwamba mtu anayetafuta kwenye ramani tayari anataka kununua. Aliyeandika "fundi friji" akiwa Mwanza hatazami picha kwa burudani. Friji yake imeharibika na nyama inaanza kunuka. Muuza viungo wa Mji Mkongwe, Zanzibar, anaweza kufikiwa na mgeni aliyetoka hotelini na simu mkononi bila kumtegemea papasi, yaani dalali wa watalii, anayetaka kamisheni. Licha ya hayo, mafundi na wenye maduka wengi humaliza jioni nzima wakirekodi video fupi huku jina la biashara yao halipo kwenye ramani, au lipo na namba ya simu isiyopatikana tena.

Hapo hapo inafaa kutaja tabia moja inayopoteza faida za zana zote hizi, nayo ni kuficha bei. Muuzaji huweka picha ya kiatu, mteja akauliza bei, akajibiwa aje "inbox". Wanaoitetea husema inawakinga dhidi ya washindani wanaoiga bei, na kwamba maelewano ni sehemu ya biashara yetu. Hoja hiyo ina mashiko kwa bidhaa zinazotengenezwa kwa oda, kama samani. Kwa kiatu au sabuni, mteja hubaki akidhani kwamba bei hupangwa kwa kutazama sura yake. Katalogi isiyo na bei humrudishia muuzaji kazi ileile ambayo ilikusudiwa kumpunguzia, ya kumjibu mtu mmoja mmoja.

Sasa upande wa pili. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja duniani kote kwa takribani saa sita, na waliokuwa wakipokea oda kwa WhatsApp peke yake hawakuweza kupokea oda mpya wala kuwajibu wateja. Mwezi Machi 2024, Google ilizifunga tovuti zote zilizotengenezwa kupitia wasifu wa biashara, huduma ambayo wafanyabiashara wadogo walikuwa wamehimizwa kuitumia kama mbadala wa tovuti ya kulipia. Jumia, kampuni ya soko la mtandaoni, iliondoka Tanzania Novemba 2019, na waliokuwa wakiuza kupitia soko lake wakalazimika kutafuta njia nyingine ya kuwafikia wanunuzi. Hakuna mhalifu katika matukio haya. Kampuni hupima gharama zake na kuamua. Ila muuzaji mdogo hana nafasi katika uamuzi huo, na mara nyingi huujua ukiwa umeshafanyika.

Kuna pia kukatika kwa mtandao wenyewe, ambako hakuchagui zana ya bure wala ya kulipia. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom iliudhoofisha mtandao katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Mwishoni mwa Oktoba 2025, kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, intaneti nchini Tanzania ilizimwa kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na namba za wateja wake kwenye daftari au kwenye kitabu cha majina cha simu aliweza angalau kupiga simu ya kawaida. Aliyekuwa na wafuasi elfu kumi wa Instagram bila namba hata moja, kwa siku hizo hakuwa na mteja.

Hatari iliyo karibu zaidi, hata hivyo, haitoki kwa kampuni kubwa wala kwenye nyaya za baharini. Akaunti nyingi za biashara hupotea kwa njia rahisi: tapeli anajifanya mteja au mtoa huduma, anaomba namba ya tarakimu sita iliyotumwa kwa ujumbe mfupi, mwenye akaunti anaitoa, na ndani ya dakika chache wateja wake wanaombwa fedha kwa jina lake. Kinga yake ni uthibitishaji wa hatua mbili, ambao upo ndani ya WhatsApp bila malipo na huwashwa kwa muda usiozidi ule wa kuchemsha chai. Mafunzo ya biashara mtandaoni yanayotumia saa nyingi kufundisha namna ya kuongeza wafuasi yangefanya vyema kuhakikisha kila mshiriki anatoka humo akiwa ameuwasha uthibitishaji huo.

Wanaoonya kuhusu kiwanja cha mtu mwingine kwa kawaida humalizia kwa kusema: basi miliki tovuti yako. Hapa siko pamoja nao moja kwa moja. Tovuti yenye jina linaloishia na .co.tz au .co.ke ina heshima yake, na barua pepe yenye jina la kampuni humfanya ofisa manunuzi wa hoteli au shirika akujibu kwa uzito tofauti. Lakini jina hilo hulipiwa kila mwaka, nafasi ya kuhifadhi tovuti nayo hulipiwa, na tovuti isiyotembelewa na mtu haina tofauti na bango lililosimikwa porini. Zaidi ya hayo, wengi hutengenezewa tovuti na kijana wa mtaani ambaye husajili jina kwa barua pepe yake mwenyewe. Akihama mji au wakikosana, tovuti inakwenda naye. Mwenye tovuti ya namna hiyo amelipa fedha na bado kiwanja si chake. Kwa maoni yangu, anayeuza kwa taasisi, kwa watalii au nje ya nchi anaihitaji tovuti, na jina lisajiliwe kwa taarifa zake mwenyewe. Mwenye genge la mboga au duka la vipodozi la mtaa haihitaji, na fedha hizo zitamfaa zaidi kwenye mtaji.

Kuhusu hesabu, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sioni sababu ya kumcheka anayetumia daftari la karatasi. Halihitaji chaji, halihitaji bando, na yeyote katika familia anaweza kulisoma. Upungufu wake huonekana pale mfanyabiashara anapotaka kujua ni bidhaa ipi inayomletea faida, kwa kuwa jibu hilo linahitaji kujumlisha kurasa za miezi mitatu kwa mkono. Jedwali la Google Sheets, ambalo ni bure na linaweza kuandikwa hata mtandao ukiwa haupo mradi mpangilio huo uwe umewashwa mapema, hulitoa kwa sekunde. Lina faida nyingine ambayo programu nyingi maalumu za hesabu hazina: data yake inaweza kushushwa na kufunguliwa kwenye programu nyingine za majedwali, hivyo mwenye duka akiamua kuhama, anahama na kumbukumbu zake. Programu inayokataa kutoa data kwa namna hiyo haifai, hata iwe na mvuto kiasi gani. Anayehifadhi majina na namba za wateja akumbuke pia kwamba taarifa hizo zina ulinzi wa kisheria, nchini Kenya kwa sheria ya mwaka 2019 na Tanzania kwa sheria ya mwaka 2022, na kwamba kumgawia mtu mwingine orodha hiyo bila ridhaa ya wateja ni kosa, si ukarimu.

Hofu ya kodi nayo ipo, ingawa husemwa kwa sauti ya chini. Wapo wanaoamini kwamba kupokea malipo kwa namba ya biashara ni kujipeleka wenyewe kwa mamlaka ya mapato, na hofu hiyo haikutoka hewani, kwani miamala ya simu huacha kumbukumbu. Ila kukaa nje ya kumbukumbu kuna gharama inayozidi kukua. Nchini Kenya, tangu Januari 2024, gharama ambayo haina ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, haikubaliwi katika hesabu za kodi ya mapato, isipokuwa zile zilizosamehewa, na kwa hiyo kampuni inayonunua ina sababu ya kumkwepa muuzaji asiyeweza kutoa ankara hiyo. Anayeuza kwa majirani peke yake huenda asiguswe. Anayetaka kuuza kwa shule, hospitali au hoteli atagongana na ukuta huo mapema.

Kwa anayetaka masoko makubwa kama hayo, kuna kundi la rasilimali ambazo hazizungumzwi inavyotakiwa, yaani tovuti za umma. Tanzania Trade Portal na InfoTrade Kenya zinaeleza hatua kwa hatua namna ya kusafirisha bidhaa nje: fomu zipi, ofisi ipi, ada kiasi gani. Muuza asali au parachichi anayesoma kurasa hizo anaingia ofisini akijua anachodaiwa kihalali, na hilo linapunguza nafasi ya vishoka, yaani madalali wasio rasmi. Kituo cha Biashara cha Kimataifa cha Geneva kina chuo cha mtandaoni kinachotoa kozi za bure kwa wafanyabiashara wadogo kuhusu vifungashio, ubora na masoko ya nje. Mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma uitwao NeST, ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2023, umefungua tenda za serikali kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, ambao sheria imewatengea asilimia 30 ya bajeti ya manunuzi. Kenya ina utaratibu unaofanana, wa kiwango hicho hicho, kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Upungufu wa rasilimali hizi nao usifichwe. Kozi hizo za Geneva hutolewa zaidi kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, na mama lishe aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba ameachwa nje hata kama akili yake ya biashara inawazidi wengi waliohitimu. Mifumo ya serikali hudai barua pepe, kitambulisho cha taifa na subira. Matokeo yake ni kwamba mfanyabiashara huenda steshenari, au saiba kama yuko Kenya, na kumlipa kijana amsajilie jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania, au amwombee TIN, namba ya mlipakodi ambayo mamlaka ya mapato ya Tanzania, TRA, huitoa bure. Sioni ubaya wa kulipia msaada huo; ni kazi halali. Ubaya ni pale kijana anapotumia barua pepe ya steshenari na nywila anayoijua yeye peke yake, hivyo mwaka unaofuata mwenye biashara hawezi hata kubadili anwani yake bila kumtafuta.

Hilo lina tiba isiyohitaji bajeti kubwa. Maafisa biashara wa halmashauri na maafisa maendeleo ya jamii tayari hukutana na wafanyabiashara hawa wanapokuja kwa leseni na mikopo ya vikundi. Wangeweza kuanza kila shauri kwa kumfungulia mtu barua pepe yake mwenyewe kwenye simu yake mwenyewe, nywila akiiandika kwa mkono wake na kuihifadhi nyumbani, kabla ya fomu yoyote kujazwa.