Tiba ya muziki: muziki ndio unaotibu, au wenzi?

Tiba ya muziki si kuwafungulia wagonjwa redio wodini. Mtaalamu hukaa na mgonjwa, kila mmoja na chombo chake. Mgonjwa anapiga ngoma mara moja, kisha kimya. Mtaalamu anamjibu vilevile. Mgonjwa akiongeza kasi anafuatwa. Mtaalamu akikata ghafla, mgonjwa huinua macho kuona kulikoni. Tumaini la watetezi wa tiba hii limelala hapo: mtu aliyeacha kusoma nyuso na sauti za watu anajikuta akimsikiliza mwenzake, akikisia atafanya nini, akimpisha.

Uwezo huo wa kutambua nia na hisia za wengine si jambo dogo. Kwa wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, una mchango mkubwa katika kurudi kazini na kuelewana na majirani. Dawa zinaweza kuzima sauti anazozisikia peke yake. Hazimwelezi kwamba shemeji yake anamtania tu.

Ushahidi upo, ila usomwe taratibu. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya tafiti 18 zenye washiriki 1,215 wenye skizofrenia na maradhi ya jamii hiyo. Walioongezewa muziki juu ya matibabu ya kawaida walipata nafuu zaidi: kujitenga kulipungua, kuhusiana na watu kukawa bora. Hata hivyo waandishi wenyewe waliupa ushahidi huo daraja la kati hadi la chini, na wakaeleza kuwa matokeo hutegemea idadi ya vikao na ubora wa tiba yenyewe.

Tena kundi la kulinganishia lilipata matibabu ya kawaida tu. Mgonjwa anayekaa na mtu wa kumsikiliza wiki baada ya wiki huenda angechangamka hata kwa kucheza bao.

Pigo kubwa zaidi lilitoka upande wa usonji, hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na mahusiano ya mtu na wengine. Mwaka huohuo jarida la kitabibu la JAMA lilichapa utafiti wa watoto 364 wenye usonji kutoka nchi 9, wenye umri wa miaka 4 hadi 6. Baada ya miezi 5, wapimaji wasiojua nani alipewa muziki waliona makundi yote mawili yamesogea kidogo, karibu sawasawa. Watetezi husema kipimo kilichotumika kiliundwa kubaini usonji, si kunasa mabadiliko madogo. Hoja ina uzito, lakini kipimo hicho walikubali wenyewe kabla ya kuanza.

Sisi wa Pwani tuna mfano wetu katika kupunga pepo: fundi hutafuta ngoma inayomfaa mwele, na ndugu na jirani wanaitikia. Sisemi ni tiba ya skizofrenia, na anayeacha dawa kwa ajili yake anajiponza. Ninachokiona pale ni mgonjwa kuzungukwa na watu wake wa kila siku, ambao ndio atakaorudi kuishi nao. Chumba cha mtaalamu hakina watu hao.

Kwa hiyo mzazi wa mtoto mwenye usonji nisingemwahidi kitu, ingawa nisingemzuia mtoto anayefurahia vikao. Kwa mgonjwa wa skizofrenia aliyenyamaza na kujitenga, ningeongeza muziki juu ya dawa, chini ya mtu aliyesomea, na ndugu mmoja aalikwe. Na katika utafiti ujao, kundi moja lipate muziki, la pili wacheze bao kwa saa zilezile, kisha wote wapimwe kama wanatambua hasira, utani na huzuni usoni mwa mtu.