Ratiba ya Iten Haifai Mombasa Bila Kurekebishwa

Vijana wengi wa Mombasa wanaoanza mbio ndefu hupata ratiba ya mazoezi kwenye simu, mara nyingi ile ya wanariadha wa Iten au Kaptagat, huko nyanda za juu za Kenya, kisha huifuata kilomita kwa kilomita. Siungi mkono desturi hiyo. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za baridi. Huku kwetu hewa imejaa unyevu, na jasho hutiririka badala ya kukauka. Jasho lisilokauka halipozi mwili. Hivyo sehemu ya damu ambayo ingepeleka oksijeni kwenye misuli huenda kwenye ngozi ili kutoa joto, na moyo hulazimika kupiga kwa kasi zaidi kwa mwendo uleule.

Mji huu ulikwisha kuuonyesha ulimwengu jambo hilo. Tarehe 24 Machi 2007, katika Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika yaliyofanyika kwenye uwanja wa gofu wa Mombasa, Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa wa mbio za masafa marefu kwa miaka mitano mfululizo, alijiondoa kabla ya kumaliza, na Zersenay Tadese wa Eritrea akatwaa ushindi. Ikiwa joto la Machi lilimlemea Bekele, mwanafunzi wa Kisauni hana sababu ya kuona haya anapokosa kufikia kasi iliyopangiwa mtu wa nyanda za juu.

Kwa maoni yangu, zoezi la hapa lipimwe kwa dakika na pumzi kabla ya kupimwa kwa kilomita, na kila zoezi liwe na kusudi moja tu. Siku ya mbio nyepesi, mkimbiaji aweze kuzungumza na mwenzake bila kukatiza sentensi. Siku ya mwendo wa kasi ya wastani, aweze kutamka maneno machache tu. Na wakati wa kaskazi, yaani msimu wa joto, dakika 20 za mwendo huo zigawanywe mara mbili, katikati kuwe na dakika tatu za kutembea. Jambo linaloniudhi ninapotazama vikundi vya wakimbiaji wa barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari, ni kwamba mbio nyepesi huanza kwa mazungumzo na kumalizika kwa mashindano, na kesho yake, siku ya kazi ngumu yenyewe, miguu imekwisha kuchoka. Hapo mazoezi yote mawili yamepotea.

Anayerudi pwani kutoka bara apewe kati ya siku 10 na 14 za mbio nyepesi ili mwili uzoee joto. Ajipime uzito kabla na baada ya zoezi: kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji yaliyotoka, na pamoja na maji hayo hutoka chumvi.

Kisha kuna bahari, ambayo ratiba za bara haziwezi kuitaja. Mchanga mgumu wa ufuo wa Nyali na Bamburi ni mahali pazuri pa kupumzisha miguu iliyochoshwa na lami, lakini hupatikana maji yakiwa yamekupwa tu, na saa za kupwa huchelewa kwa karibu dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, yaani zile ambazo maji hujaa na kupwa sana, maji hujaa karibu na alfajiri, kwa hiyo aliyepanga kukimbia ufuoni saa kumi na moja atakuta mawimbi yamefika juu na kubaki na mchanga laini unaochosha kano za visigino. Mbio za ufuoni za alfajiri zipangwe siku za maji mafu, yaani zile ambazo maji hujaa na kupwa kidogo, kwa kuwa alfajiri yake maji huwa yamekupwa. Aidha, kwa kuwa ufuo una mteremko, nusu ya muda iwe ya kwenda na nusu ya kurudi, ili mguu mmoja usibebe mzigo wa upande wa chini peke yake.

Mwezi wa Ramadhani nao unahitaji ratiba yake. Kwa wanaofunga, zoezi gumu lihamie baada ya tarawehe, wakati mwili umekwisha kupata maji na chakula, na mbio nyepesi ziwe fupi na zimalizike muda mfupi kabla ya magharibi. Kocha asiyeketi na wakimbiaji wake kupanga hayo kabla ya mwezi kuandama atawaona wakikosa mazoezi mmoja baada ya mwingine, na hatakuwa na haki ya kuwaita wavivu.